Maswali ya Wasomaji: Saratani ya mdomo na koo, protini za uvimbe, na dawa zinapogoma

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: karatasi ya maabara imekuja na herufi na namba, na mgonjwa au jamaa yake anataka kujua kama uvimbe utasikia dawa. Hizi hapa sita.

SWALI: Shikamooni. Baba yangu ana miaka 61, amevuta sigara tangu ujana. Ana kidonda pembeni mwa ulimi, upande wa mbele, na tezi moja imevimba shingoni. Majibu ya kinyama yanasema saratani ya seli bapa, p16 hasi. Kuna mtu mtandaoni kaandika kwamba p16 hasi ni saratani sugu, haisikii mionzi. Tuendelee, au tunamtesa mzee bure? *Binti, Mbagala*

JIBU: Marahaba, dada. Endeleeni, tena msipoteze wiki. Kwa kidonda cha mahali hapo, p16 haiamui lolote.

p16 ni protini ya mwili wenyewe, kila mtu anayo. Ni breki ya kuzuia seli isijigawe ovyo, na breki hiyo hufanya kazi kupitia protini nyingine iitwayo Rb. Rb nayo huidhibiti p16 isizidi. Sasa kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, kikipiga kambi kwenye tonsili au shina la ulimi hutoa protini zake mbili: E7 inaiharibu Rb, E6 inaiharibu p53, mlinzi mwingine wa seli. Rb ikishatoweka hakuna wa kuizuia p16, inafurika. Ni kama bodaboda anayebana breki mpaka mwisho huku waya umekatika. Mwanapatholojia akikuta p16 imejaa kwenye uvimbe wa tonsili, anaona nyayo za kirusi.

Uvimbe ulioletwa na kirusi husikia mionzi kuliko ule wa moshi na pombe. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya koo nyuma ya mdomo wenye HPV, 82 walikuwa hai baada ya miaka 3. Wasio na HPV walikuwa 57. Huenda huyo wa mtandaoni alianzia hapo. Ila hao 57 nao walipata mionzi na sisplatini (dripu ya kuua seli za saratani) ile ile. Nafasi yao ilikuwa ndogo zaidi, lakini zaidi ya nusu walikuwa hai. Huwezi kuiita hali hiyo "haisikii mionzi".

Tena namba hizo ni za tonsili, shina la ulimi, kaakaa laini na ukuta wa koo. Ulimi wa mbele, ufizi, shavu na kisanduku cha sauti ni mitaa mingine. Huko HPV ni nadra, saratani nyingi ni p16 hasi, na mpango wa matibabu haubadiliki kwa ajili yake. Kwa ulimi wa mbele, kama unakatika, upasuaji ndio hutangulia, pamoja na kuondoa tezi za shingo. Mkienda kliniki ulizeni: je, upasuaji unawezekana? Ukishafanyika, kingo za nyama iliyotolewa ziko safi? Saratani imetoka nje ya gamba la tezi? Kingo zikiwa na saratani, au gamba likiwa limepasuliwa, mionzi huambatana na sisplatini, na mionzi inafaa ianze ndani ya wiki 6 baada ya kisu.

Na sigara aache leo, kabla ya mionzi, si baada. Mionzi inaua kwa kushirikiana na oksijeni. Moshi una kaboni monoksaidi, nayo hukaa kwenye kiti cha oksijeni ndani ya damu. Hapo usugu anautengeneza mwenyewe kila anapowasha.

SWALI: Habari za kazi wakuu. Maabara yetu imeanza kupaka p16. Rangi inatoka hafifu, mara nyingine pembezoni imekolea na katikati kumepauka. Vinyama vingi vinatoka vituo vya nje, baadhi kwenye chupa za dawa, vingine kwenye maji ya chumvi. Tatizo ni kingamwili tuliyonunua? *Fundi sanifu maabara, Temeke*

JIBU: Salama, ndugu. Kabla hujaagiza kingamwili nyingine (ile protini inayoishika p16 ili ipate rangi), angalia fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama. Hiyo pete uliyoieleza, pembeni imekolea na katikati imepauka, ndiyo inayokuonyesha kosa lilipo. Fomalini hupenya taratibu, milimita 1 kwa saa hivi. Kinyama kikitolewa mapema, katikati hakujaiva. Alkoholi ya mashine ndiyo inayokwenda kupagandisha hapo katikati, na protini za hapo hazishikiki sawasawa.

Kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1 tangu kitolewe mwilini. Kikae humo kuanzia saa 6, kisizidi 72. Cha Ijumaa mchana kikishughulikiwa Jumatatu asubuhi bado kimo ndani ya mpaka, ila cha mikoani kinachosafiri na basi na kulala stoo siku tano kimepitiliza: protini zimefungana mno na kingamwili haipati pa kushika. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Kipande kikubwa kichanwe kiwe na unene usiozidi milimita 5 kabla ya kukiacha kilale.

Fomalini iwe na bafa, yaani chumvi za kuizuia isigeuke asidi. Kwa lita 1: fomalini ya dukani ya asilimia 37 hadi 40, mililita 100, maji yaliyokenekwa, mililita 900, sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili, gramu 4, ile yenye haidrojeni moja, kavu, gramu 6.5. Pima pH, iwe karibu na 7. Fomalini iliyochanganywa na maji ya bomba tu hugeuka asidi ikikaa, huacha punje nyeusi kwenye slaidi na kukatakata DNA, ukija kutafuta HPV hupati kitu.

Maji ya chumvi hayahifadhi nyama, yanaiacha ioze. Chupa ya mdomo mwembamba nayo ina ubaya wake: nyama inaingia laini, inakauka ngumu, kisha inavutwa kwa nguvu na seli zinasagika. Vipeni vituo chupa za mdomo mpana zikiwa na fomalini tayari, na jina la mgonjwa liandikwe ubavuni, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana. Kinyama cha taya chenye mfupa: kata sehemu laini uiweke kwenye bloku yake ya nta kabla ya kuulainisha mfupa, maana asidi kali inafuta protini.

Kwenye upakaji wenyewe, kata mikroni 3 hadi 4, tumia slaidi zenye chaji, la sivyo nyama inaelea kwenye maji ya moto. Kwa kloni E6H4, yaani kingamwili ya p16 ya aina hiyo, tumia bafa ya pH 9 kwenye nyuzi 95 hadi 99. Kama umeme umekatika katikati ya kuchemsha, usikisie dakika zilizobaki. Anza na slaidi mpya. Kingamwili ikae nyuzi 2 hadi 8, na pimajoto lisomwe kila asubuhi. Kila slaidi iwe na kipande cha mfano pembeni yake. Saratani ya mlango wa kizazi inafaa sana, na kwa jiji hili bloku zake hazikosekani.

Kusoma: chanya ni pale asilimia 70 au zaidi ya seli za saratani zimekolea kwa nguvu, kwenye kiini na nje ya kiini pia. Nusu ya seli, madoadoa, ni hasi. Tafadhali msiandike "chanya hafifu". Daktari wa mionzi hana la kufanya na maneno hayo.

Halafu kuna mtego wa pili, na kwetu una uzito. Mahali ambapo HPV si chanzo kikubwa cha saratani za koo, p16 hudanganya mara nyingi zaidi, kwa sababu seli inaweza kuipoteza Rb bila kirusi chochote. Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2023 ulionyesha waliokuwa hai baada ya miaka 5: wenye p16 na HPV vyote, 81 kati ya 100, wenye p16 bila HPV, 55, wasio na chochote, 40. Huyo wa katikati, ukimwangalia kwa p16 tu, utamweka kundi la wale 81. Tonsili yenye p16 chanya ikipatikana, tunzeni bloku na tafuteni mahali pa kupima HPV yenyewe.

SWALI: Je, kuna kipimo cha damu cha kugundua mapema kwa sisi tunaokula tambuu na kuberi? *Kaka, Kariakoo*

JIBU: Kwa saratani ya mdomo, hakuna cha kutegemea. Kipimo ni tochi ya simu na kioo. Vuta shavu kwa kidole, nyanyua ulimi, tazama pale unapoweka kuberi. Doa jeupe lisilofutika au jekundu kama velveti, au kidonda kilichopita wiki 3, ni safari ya hospitali. Kisha simamisha vidole vyako vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Vikigoma kuingia, popoo imeanza kukaza nyama za shavu, na hali hiyo ni mlango wa saratani. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, imeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kuwa kisababishi cha saratani.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Vitabuni nakuta protini nyingi za usugu: ERCC1, EGFR, survivini, CD44, HIF-1. Mbona kliniki hazipimwi? Ipi hasa inatabiri sisplatini itagoma? *Mwanafunzi, Upanga*

JIBU: Mpaka sasa hakuna hata moja inayostahili kumnyima mgonjwa sisplatini. Ukitaka kujua sababu, tenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna kiashiria cha kutabiri mwenendo: kinakwambia mgonjwa huyu kwa ujumla ataendeleaje. Na kuna kiashiria cha kuchagua dawa: kinakwambia dawa A itamfaa kuliko B. p16 ni cha kwanza. Protini nyingi za usugu hazijafika hata hapo.

Chukua ERCC1. Sisplatini inaipachika DNA mafundo. ERCC1 na mwenzake XPF wanayakata na kuyatoa. Kwa hiyo ERCC1 nyingi, usugu mwingi. Hoja imenyooka kabisa, na tafiti za mwanzo ziliikubali. Mwaka 2013 watafiti wa saratani ya mapafu waliirudia kwa kingamwili ile ile iliyozoeleka, 8F1, na matokeo hayakurudi. Sababu: ERCC1 ina maumbo manne, moja tu ndilo linalokarabati, na kingamwili haikuweza kuyatofautisha. Juu ya hapo, shehena mpya ya kingamwili hiyo haikufanya kazi kama ya zamani. Watu walikuwa wanahesabu rangi, wanadhani wanahesabu ukarabati.

EGFR, protini inayopokea amri za seli kukua, ni funzo la namna nyingine. Imejaa kwenye zaidi ya asilimia 80 ya saratani hizi, na dawa ya setuksimabu imetengenezwa kuiziba. Ungetarajia mwenye nyingi afaidike zaidi. Haiko hivyo, wingi wa rangi hautabiri jibu, kwa hiyo usimlipishe mgonjwa kipimo hicho kwa ajili ya kuchagua dawa. Mwaka 2006 setuksimabu pamoja na mionzi iliishinda mionzi peke yake, miezi 49 ya kuishi kwa miezi 29. Lakini majaribio mawili yaliyotoka mwaka 2018 yalipoiweka badala ya sisplatini kwa wagonjwa wa HPV, ilishindwa. Ukiifunga EGFR, seli hupitisha amri zake kwa njia za panya, yaani protini nyingine: MET, HER3, PI3K.

HIF-1 hupanda pale oksijeni inapopungua, na huko usugu ni wa kweli: seli isiyo na oksijeni huhitaji karibu mara 3 ya mionzi ili ife. Denmark wamekuwa wakitumia dawa ya nimorazoli kuziba pengo hilo. Ila HIF-1 hubadilika kutoka kona moja ya uvimbe hadi nyingine, na kinyama cha milimita 3 kinakuonyesha kona moja tu. Survivini na CD44 zina matatizo hayo hayo: kila maabara ina mpaka wake wa "nyingi". Ukitafuta mada ya utafiti, usiongeze protini ya kumi na moja. Chukua moja, pima kwa kingamwili mbili tofauti, weka mpaka kabla ya kuona matokeo ya wagonjwa, kisha ijaribu kwenye kundi la pili.

SWALI: Ndugu yetu alimaliza mionzi na dripu miezi saba iliyopita. Uvimbe umerudi shingoni na mapafuni. Sampuli ilipelekwa nje, jibu ni "PD-L1, CPS 22". Tumeambiwa kuna dawa ya kinga ila bei ni ya kuuza kiwanja. Hiyo 22 ni nzuri au mbaya? *Dada, Kinondoni*

JIBU: Pole sana, dada. 22 ni namba inayofungua mlango, haitoi ahadi. PD-L1 ni protini ambayo uvimbe huivaa ili askari wa kinga wapite bila kuugusa. CPS inahesabiwa hivi: seli za saratani zenye rangi, jumlisha seli za kinga zenye rangi, gawanya kwa seli zote hai za saratani, zidisha kwa 100. Seli 200 za saratani, 30 zikiwa na rangi, na seli za kinga 14 zenye rangi: 44 gawanya kwa 200, unapata 22. Sampuli yenye seli hai za saratani chini ya 100 haitoshi kusomwa, basi hakikisheni ripoti inasema ilitosha.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha pembrolizumabu, mojawapo ya dawa hizo za kinga, peke yake inarefusha maisha kwa wenye CPS ya 1 na zaidi, na faida ni kubwa zaidi kuanzia 20. Hata hivyo, kati ya 100 wenye CPS ya 20 na zaidi, waliopungukiwa uvimbe waziwazi ni 23 hivi. Wanaoitikia hukaa muda mrefu, ndiyo maana inatafutwa. Kama uvimbe unabana njia ya hewa, dawa ya kinga peke yake ni ya taratibu mno. Muulizeni daktari kuhusu kuichanganya na dripu za kawaida.

Kabla ya kuuza kiwanja, ulizeni pia kuhusu dozi ndogo. Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, ilichapisha mwaka 2023 jaribio la nivolumabu, dawa nyingine ya kinga, miligramu 20 kila wiki 3, pamoja na vidonge vya bei nafuu: methotreksati, selekoksibu na erlotinibu. Dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki 2. Baada ya mwaka 1, waliopata nivolumabu walikuwa hai 43 kati ya 100. Waliopata vidonge tu, 16. Chapeni taarifa hiyo mwende nayo kliniki. Na akianza dawa ya kinga, kuharisha au kikohozi kipya kisitibiwe duka la dawa. Inaweza kuwa kinga yenyewe inashambulia utumbo au mapafu.

SWALI: Nimepangiwa mionzi 35, Jumatatu hadi Ijumaa. Natokea Kibaha kila siku. Nauli inanishinda na mdomo umejaa vidonda. Naweza kwenda siku tatu kwa wiki, nikamalizia zilizobaki mwishoni? *Mgonjwa, Kibaha*

JIBU: Pole, ndugu yetu. Hapana, usifanye hivyo. Usugu unaoonekana zaidi hauna jina la protini: ni mionzi iliyokatika.

Umepangiwa grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa siku, jumla 70, kwa wiki 7. Kuanzia wiki ya 4 hivi, seli zilizosalia huanza kuzaliana kwa kasi kufidia waliokufa, na karibu grei 0.6 ya kila siku huishia kwa hao wapya. Kwa siku tatu za wiki, wiki 7 zako zinakuwa karibu 12. Kila siku inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 hadi 1.5. Ukizirundika mwishoni, uvimbe umeshapata mwezi mzima wa kujijenga.

Siku ikikupita kwa lazima, mwambie fundi wa mionzi siku hiyo hiyo. Inaweza kufidiwa kwa vipindi viwili siku moja, vikipishana kwa saa 6 au zaidi, au kwa Jumamosi. Kuhusu nauli, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujakosa hata siku moja. Waeleze unatokea wapi, uliza habari ya pa kulala na ya msamaha wa gharama.

Vidonda: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, chumvi kijiko cha chai 1, bikaboneti kijiko cha chai 1. Ni bikaboneti ya famasi, si magadi ya kupikia maharage. Sukutua kila baada ya saa mbili au tatu. Dawa ya maumivu inywe nusu saa kabla ya kula, usisubiri maumivu yapande. Uji uwe na maziwa, karanga zilizosagwa na mafuta, maana uji mtupu haujengi. Jipime uzito kila wiki. Ukikonda, ile barakoa ya plastiki inayokushika kichwa mezani inalegea, nawe unahama kidogo kutoka kwenye shabaha. Ikianza kucheza usoni, sema, wapange upya. Ukishindwa kumeza, mpira wa kupitia puani si kushindwa. Ndio unaokuwezesha kufika siku ya 35.

Kama unapewa na sisplatini, ya kila wiki miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili, lengo ni jumla isipungue 200, yaani wiki 5 kamili. Kunywa maji kama ulivyoelekezwa. Usinunue diklofenaki wala kuchomwa gentamaisini mtaani katika kipindi hicho: zote zinaumiza figo, na figo zikishuka sisplatini inasimamishwa. Masikio yakianza kuvuma, mwambie muuguzi kabla dripu haijafunguliwa.